Dalali wa Kondoo, Wadi ya Sita

Lleucu anaosha mikono mpaka viwiko,
anavuta kiti. Kitandani hakai:
kitanda ni cha mgonjwa, ndiyo nyumba
pekee aliyobakiwa nayo wiki hii.
Anaweka vidole vinne chini ya kidevu cha Idwal,
kimoja kwenye mzizi wa ulimi,
kimoja juu ya ule mfupa usioshikana na mfupa mwingine wowote,
viwili kwenye koromeo, vinangoja.
Nusu kijiko cha maji.
Meza, anasema kwa Kiwelisi.
Koromeo linapanda,
linachelewa njiani kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani,
linashuka.

Miaka arobaini na moja alikuwa dalali
mnadani Dolgellau, siku za Ijumaa,
kondoo wakizungushwa matopeni, mvua ikipiga bati,
naye jukwaani akimwaga namba bila kuvuta pumzi:
hamsini, hamsini na mbili, na nne, nani atatoa na sita?
Ukope wa mtu ukicheza safu ya nyuma, ameshauona.
Ulimi hauna mfupa, husemwa,
kwa maana ya kwamba hunena lolote.
Mwezi huu hauna mfupa kwelikweli.
Umelala upande wa kulia wa kinywa
kama tambara lililolowa.

Neno moja limesalia: ndoo.
Ndoo ni mkewe. Ndoo ni dirisha.
Ndoo, ndoo, ndoo, kwa hasira, ni maumivu
au ni siasa.
Lleucu hacheki wala hasahihishi. Anaandika:
Sauti ya swali ipo. Sauti ya kukataa ipo.

Heulwen amekuja na mkate wa zabibu
ndani ya karatasi ya fedha.
Kipande chembamba tu, anasema,
amekonda mpaka pete inamtoka.
Juu ya kitanda pana kibao: ASIPEWE KITU KWA MDOMO.
Mwandiko ni wa Lleucu.
Jana, chumba cha eksirei, aliona
chai iliyotiwa dawa nyeupe ikifika njiapanda,
kidakatonge kikichelewa kudaka,
uzi mwembamba ukiteleza kuelekea mapafuni.
Idwal hakukohoa. Hata bega halikushtuka.
Nje ya kioo, Heulwen alitabasamu
akidhani mume wake amekunywa.

Leo Lleucu ameleta picha.
Mrija unaoingia tumboni.
Chai nzito ya unga, ya kulwa kwa kijiko.
Mkate na chai halisi, na kando yake mapafu
yaliyopakwa rangi nyekundu, maana hawezi kumficha kitu.
Anaeleza polepole, mara tatu,
anabadilisha mpangilio, anauliza kinyume,
asije akasikia kile anachotaka kusikia.
Daktari kijana mlangoni anatazama saa.

Idwal anatazama mrija.
Anatazama mapafu, kwa muda mrefu.
Halafu jicho lake linaanza kuzunguka chumba:
kwa mkewe, kwa daktari, kwa Lleucu,
likikusanya nyusi, likihesabu.
Ndoo, anasema. Ndoo.
Ndoo! sauti ikipanda,
na kiganja cha kushoto, kile kizima,
kinapiga meza juu ya picha ya mkate.
Pa!
Imeuzwa.

Wadi nzima hakuna anayehitaji mkalimani.

Lleucu anabandua kibao. Anaandika kingine, kirefu zaidi:
akae wima, kidevu chini, vipande vidogo kama ukucha,
asiharakishwe, akipata homa tuitwe,
ameamua yeye mwenyewe.
Kalamu inasita kwenye "mwenyewe".
Huenda nimonia ikaja kabla kondoo hawajaanza kuzaa.
Huenda isije.
Anamega mkate, anachovya ncha yake kwenye chai,
vidole vinne vinarudi mahali pake.

Koromeo linapanda.
Anangoja.